Koki Nyekundu na Vidole vya Bibi

Kwetu Kibiti maji yakikatika hatufungi bomba. Tunalifungua. Najua mtu wa mbali atashangaa, lakini mtaa wetu mzima ndivyo unavyoishi: bomba linaachwa wazi, chini yake inawekwa ndoo tupu, na watu wanaendelea na shughuli zao huku sikio moja likiwa kwenye ile ndoo. Maji ya mgao hayatoi taarifa. Yanakuja siku yanayotaka, na anayeyasikia wa kwanza ndiye anayejaza madumu kabla hayajawa membamba kama uzi. Bomba lililofungwa haliwezi kukuita. Anayefunga bomba lake siku za mgao anaonekana mtu wa ajabu, kama aliyejiziba masikio kwa makusudi.

Shida ni pale maji yanapokuja na nyie hampo.

Siku hiyo mimi na Bibi tulikuwa kwenye hitima, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Tulirudi tumeshiba, nimebeba na kisahani cha pilau, nikafungua mlango nikakutana na kandambili za Bibi zinaelea koridoni. Zimefuatana, moja mbele moja nyuma, kama zinakwenda sokoni. Ndoo bafuni ilikuwa imejaa zamani, maji yamemwagika, yamepita chini ya mlango wa chumba cha Bibi na kuingia mpaka uvunguni.

Bibi anasuka mikeka. Uvunguni ndiko anakoweka mafungu yake ya ukindu, ameyatia rangi kwa mikono yake, ameyaanika, ameyafunga kwa mpangilio anaoujua mwenyewe. Zambarau ilikuwa imeingia kwenye njano, kijani kimekimbilia kwenye nyekundu. Alisimama mlangoni anatazama, kanga ameishika kidevuni.

"Hii ya pili," akasema. Hakupandisha sauti. "Ya tatu sipo. Mtanipeleka Mbwera kwa mjomba wako nikalale pakavu."

Nilicheka, nikidhani ni utani. "Bibi, Mbwera pakavu? Si kisiwani kule? Maji kila upande!"

"Maji ya Mbwera yana adabu zake, mke mwenzangu. Yanajaa kwa saa yake na yanatoka kwa saa yake. Hayakufuati kitandani."

Mke mwenzangu ndilo jina langu kwake. Ati mimi na yeye tumeolewa na babu mmoja, ila mimi ndiye mke mdogo, mvivu. Akiniita hivyo najua hajakasirika sana. Lakini jioni ile alitoa mkoba wake wa safari juu ya kabati, akaupangusa vumbi, akautundika nyuma ya mlango. Hapo sikucheka tena.

Bibi ana presha. Alipokuwa Mbwera vidonge vilimwishia, akangoja boti, boti ikangoja abiria, na alipofika kwetu alikuwa anashikiliwa makwapa yote mawili. Hapa Kibiti anakwenda kliniki kwa miguu yake, anarudi anawasema wauguzi. Mama yangu anafanya kazi ya upishi Utete na anakuja mwisho wa wiki tu. Siku anaondoka alinishika bega akaniambia, "Bibi yako nakuachia wewe." Kwa hiyo Bibi akirudi Mbwera, mimi ndiye niliyemrudisha.

Tena kosa lenyewe ni langu. Lile bomba la bafuni lilikuwa ndoto yangu. Mimi ni msusi. Nilimaliza kidato cha nne na matokeo yakanishauri nitafute kazi ya mikono, nami sikubishana nayo. Nina daftari la kuchorea nyumba. Ndani yake kuna saluni yenye sinki la kuoshea nywele, kuna bafu lenye maji ya mvua kutoka juu, kuna dirisha la kioo na maua. Nilimsumbua Mama mpaka akakubali paipu iingie ndani, Bibi asitoke uani kuoga. Aliyejenga sakafu naye akaiinamisha upande anaoujua yeye. Maji yakimwagika bafuni hayaendi kwenye tundu. Yanakwenda kumsalimia Bibi.

Nikawaza: tukiweka koki ya kufungia pale paipu inapoingia nyumbani, tukitoka tunafunga nyumba nzima kwa mara moja. Sitazunguka tena kukagua bomba la bafuni, la jikoni na la uani, ambayo yote yamelegea, na maji yakiwa hayapo huwezi kujua lipi liko wazi na lipi limefungwa. Koki moja, basi. Kitu kidogo, nilidhani.

Kitu kidogo, jamani!

Nilimpigia fundi bomba wa mtaani kwetu. Akaniambia nilete geti valvu ya nusu na tepu nyeupe, mengine niachie yeye. Nikatembea mpaka duka la vifaa, barabara kuu. Muuza duka ni mzee mnene mwenye kofia ya kiua, na kila swali analijibu kwa swali.

"Shikamoo mzee. Nataka koki ya kufungia maji."

"Marahaba. Maji ya wapi?"

"Ya nyumbani."

"Nusu au robo tatu?"

"Nusu au robo tatu ya nini?"

"Ya inchi, binti yangu. Ulidhani ya kilo?"

Akanitandazia kaunta nzima. Kulikuwa na koki zenye gurudumu dogo juu, hizo ndizo geti valvu, unazizungusha mara nyingi mpaka zifunge. Kulikuwa na zenye mkono mmoja wa chuma uliofunikwa mpira, hizo anaziita bol valvu, unazigeuza robo mzunguko tu zimefunga. Nikamuuliza ipi nzuri. Akaniuliza, nzuri kwa nani? Nilikasirika kidogo, maana nilitaka jibu. Baadaye nililikumbuka sana swali lile.

Nilichukua yenye gurudumu. Fundi ndivyo alivyosema, halafu gurudumu lenyewe lilikuwa jekundu, linang'aa kama usukani wa gari. Nililizungusha njia nzima nikirudi, naendesha gari langu ambalo sina.

Fundi alipita jioni akaitazama paipu yetu, akaitazama koki, akatikisa kichwa.

"Dada, paipu yenu robo tatu."

"Si ulisema nusu?"

"Nilikadiria."

Nikarudi dukani. Muuza duka akanibadilishia huku akinitupia jicho. Kesho yake fundi akaishika koki mpya, akasema paipu yetu ni ya plastiki na koki ni ya nyuzi, ya kukazwa kwa kuzungusha, kwa hiyo zinahitajika adapta mbili za kuziunganisha.

"Jana ulikuwa hujui hilo?"

"Jana hukuniuliza."

Nikarudi mara ya tatu. Muuza duka aliponiona akaita kwa sauti, wateja wote wakageuka: "Mpisheni mwenye duka aingie!" Nilicheka kwa sababu nisingecheka ningelia. Miguu ilikuwa imejaa vumbi mpaka magotini, na nilikuwa nimemwacha mteja wangu nusu kichwa kimesukwa, nusu kimesimama wima.

Vifaa vikakamilika, fundi akapotea. Nikipiga simu anasema, "Nipo njiani, dada." Nyuma yake nasikia kete za bao zinaanguka kwenye mashimo, na mtu anamwambia acheze haraka. Siku ya kwanza njiani, ya pili njiani. Siku ya tatu nikamwambia, "Fundi, hiyo njia yako inapita Utete au?" Akacheka, na kesho yake asubuhi akaja. Nadhani alikuwa ameshindwa bao.

Maji yalikuwa na siku sita hayajatoka. Fundi akachimba nyuma ya nyumba, karibu na mlango wa uani. Mlango huo unaingia koridoni, na chumba cha Bibi ni cha kwanza mkono wa kulia. Akaufunua udongo, paipu ikaonekana. Nikamuuliza kama hatufungi kwanza kule kwenye mita.

"Koki ya kwenye mita imeganda. Nikiilazimisha itakatika, na ile si yenu, ni ya mradi wa maji."

"Sasa itakuwaje?"

"Maji si hayapo? Tunakata tu."

Akashika msumeno. Bibi alikuwa amekaa kizingitini anachambua mchele, akaacha mkono hewani.

"Fundi," akasema, "unayajuaje kama hayapo?"

"Bibi, siku sita hizi."

"Mie nimekuuliza unayajuaje."

Fundi akakata. Paipu ikatoa tone moja, la mwisho, la huruma. Akanitazama kama anayesema, unaona? Akaanza kukaza adapta kwenye koki, taratibu, anapiga mluzi. Hazijapita dakika kumi, ile paipu ikakohoa.

"Yanakuja hayo," Bibi akasema.

"Upepo tu huo, Bibi."

Wallahi siku sita! Siku sita ndoo zinangoja zimepanua midomo, na maji yanachagua saa ile ambayo paipu yetu imekatwa. Yalitoka kwa kishindo, ya udongo, yakamvua fundi kofia. Shimo likajaa mara moja, likafurika, na ua wetu nao umeinama palepale ulipoinama moyo wa aliyejenga ile sakafu: kuelekea mlangoni. Niliyaona yanakuja, yamebeba makapi ya mchele mbele yake. Kichwani nikawa nasikia neno moja tu. Ya tatu. Ya tatu. Mkoba uko nyuma ya mlango.

Nilimnyanyua Bibi na ungo wake nikamweka ndani. Nikaziba kizingiti kwa kanga, kwa gunia, kwa kitambaa cha kufutia miguu. Maji yakapata upenyo. Basi nikakaa mwenyewe. Nilikaa kizingitini na dera langu, miguu nimeipanua kutoka mwimo mpaka mwimo, nikawa ukuta. Maji ya baridi, wacha nisiseme yaliniingia wapi.

"Funga, fundi! Funga!"

Fundi alikuwa anaisukuma ile koki kwenye paipu, maji yanairudisha. Anasukuma, yanairudisha, yanampiga usoni, anatema udongo. Bibi aliinama juu ya bega langu akapiga kelele ambayo sikujua kama bado anayo.

"Fungua hiyo koki! Ifungue kwanza!"

"Bibi, tunataka kuyafunga maji!"

"Utayafungaje umeyawekea ukuta yanakupiga? Yape njia yapite ndani yake, uivike, ikishakaa ndio ufunge! Mfereji wa mpunga unazibwa vipi kwani? Nyie hamkulima?"

Fundi alisita, kisha akazungusha lile gurudumu jekundu. Akazungusha, akazungusha, nikawa nauhesabu kila mzunguko kama siku za mfungo. Koki ilipofunguka yote, maji yakapita katikati yake, yakaacha kupigana naye. Akaivika kwenye paipu kama anavika pete. Akakaza. Kisha akaanza kuzungusha kurudi, na maji yakapungua, yakawa uzi, yakawa matone, yakanyamaza.

Nikageuka kutazama koridoni. Sakafu ilikuwa kavu. Nilikuwa nimelowa mpaka kiunoni, lakini nyuma yangu sakafu ilikuwa kavu.

"Hayakuingia!" nikasema.

Bibi alitazama sakafu, akanitazama mimi. "Hayakuingia. Siihesabu hii. Kabadilishe nguo, mke mwenzangu, unanuka tope."

Ningependa kuishia hapo, maana hapo nilikuwa na furaha. Fundi aliunganisha upande wa pili, akafukia, akaacha tundu dogo lenye kifuniko ambamo gurudumu langu jekundu lilikaa kama ua. Wiki mbili nilikuwa mtu wa kujivuna. Kila nikitoka nainama, nazungusha, nafunga, nakwenda kusuka watu roho yangu imetulia. Niliwasimulia wateja. Kuna mmoja aliniambia nikimaliza kumsifia koki nimsuke na nywele.

Siku moja nilimwacha Bibi nyumbani, nikafunga koki kama kawaida, nikaenda kusuka bibi harusi upande wa pili wa barabara. Nikarudi adhuhuri imepita. Mtaa mzima ulikuwa unameremeta: madumu yamejaa milangoni, nguo zimeanikwa, watoto wameoga wanang'aa. Kwetu ndoo zilikuwa tupu, zimepangwa mstari. Bibi alikuwa amekaa chini kando ya lile tundu, mkono mmoja ameufumbata ndani ya mwingine. Kando yake kulikuwa na dumu moja la maji, la kupewa na jirani.

"Nimeyasikia kwa wenzetu," akasema. "Nimekuja kufungua. Halizunguki."

Nikamshika vidole. Vilikuwa vyekundu. Vidole vya Bibi vimepinda kwa miaka ya kusuka, vinajua kupitisha ukindu juu chini bila kutazama, lakini kukamata kitu kidogo cha mviringo na kukinyonga haviwezi tena. Mimi nalala naye nyumba moja. Namkata kucha mimi. Na sikuwaza, hata mara moja, kwamba koki itahitaji vidole.

"Mie Mbwera tulikuwa tunafuata maji matamu juu mtoni kwa mtumbwi," akasema. "Nikirudi nayo, nampa jirani. Leo maji yamefika mlangoni kwangu, nami ndiye wa kupewa dumu. Mwanzo yaliniingilia chumbani. Sasa nimefungiwa. Heri mjomba wako."

Nililia. Mimi machozi yangu yako karibu, kila mtu anajua, lakini yale yalikuwa ya hasira pia. Nilikasirika na gurudumu, na fundi, na mgao, na mimi mwenyewe niliyenunua usukani kwa sababu unang'aa. Ndipo nikalikumbuka swali la muuza duka. Nzuri kwa nani?

Kesho yake asubuhi nilimpandisha Bibi bajaji. Aliuliza kama tunakwenda kwenye boti. Nikamwambia tunakwenda dukani. Muuza duka alipotuona akasimama, akamsalimia Bibi kwa heshima, akamtolea kiti. Nikamwambia, "Mzee, leo sinunui mimi. Zitandaze zote."

Bibi akazijaribu moja moja, kama anachagua nazi. Ya gurudumu akaisukuma kando hata bila kuigusa vizuri. "Hii naifahamu, haina heri." Ya mkono mfupi wa kipepeo ikamshinda. Kisha akafika kwenye ile ya mkono mrefu wenye mpira wa buluu. Aliiwekea kiganja, vidole vyenyewe havikufanya kazi. Ikageuka. Akairudisha kwa ukingo wa mkono. Akaigeuza tena kwa kiwiko, wateja wakacheka.

"Hii," akasema, "naifunga hata nimebeba ndoo."

"Mkono ukikaa sambamba na paipu, iko wazi," muuza duka akamweleza. "Ukikaa kwa kukingama, imefunga. Unaona kwa macho tu, Bibi."

"Na masikio yangu je?" Bibi akauliza. "Ikifungwa, nitayasikiaje yakija?"

Muuza duka akanigeukia mimi. Nikatoa daftari langu la ndoto, nikachora mbele yao: mita hapa, nyumba hapa, bomba la uani hapa. Tulikuwa tumeiweka koki kabla ya mabomba yote, ndiyo maana ikifungwa na uani panakufa. Bibi akaweka kidole juu ya mchoro. "Hili la uani lichukue maji kabla ya koki. Libaki wazi siku zote, liniite. Nyumba ndiyo ifungwe."

Muuza duka akalitazama daftari, akaniambia, "Huyu bibi yako ndiye fundi. Wewe ni mchukuzi." Nikaongezewa soketi yenye njia tatu na kipande cha paipu.

Fundi alikuja siku hiyohiyo, nadhani alimwogopa Bibi. Safari hii kabla hajagusa msumeno aliishika koki mpya juu, mkono umekaa sambamba. "Bibi, iko wazi, umeona?" Bibi akamjibu aendelee. Maji hayakuja. Hayakuja hata kidogo, mchana kutwa, siku ambayo tulikuwa tayari kwa ajili yake.

Yalikuja Jumanne. Nilikuwa sebuleni na mteja, mikono yote imo kwenye nywele. Uani tulikuwa tumeweka debe la bati chini ya bomba, maana ndoo ya plastiki sauti yake ni ndogo. Likaanza kulia, tone, tone, kisha ngoma nzima. Nikataka kuinuka.

"Kaa ulipo, mke mwenzangu!" Bibi akaita kutoka koridoni, kandambili zinapiga sakafu. "Yamenijia mimi!"

Nilisikia kifuniko kinafunuliwa, kisha bomba la jikoni likakohoa na kuanza kutoa. Baada ya muda ndoo ikajaa, nikasikia kelele ya maji ya jikoni inakatika mara moja. Alikuwa amefunga.

Mteja alipoondoka niliingia chumbani kwa Bibi kufagia. Mkoba haukuwepo nyuma ya mlango; ulikuwa umerudi juu ya kabati. Nilipoinama na fagio nikayakuta mafungu mapya ya ukindu uvunguni, yamelazwa chini sakafuni, mahali pake pa zamani.